Alama Mbili za Mwano

Saa tisa na dakika arobaini alasiri, siku ya Jumapili, nilimwambia mtu apige mwano wa uongo sebuleni kwangu. Sikuwa nimekunywa kitu. Kosa ni langu, na ninalisema hapa kwa sababu kwingine kote nimelikana.

Mimi ni fundi redio na simu hapa Bariadi, nina miaka arobaini na tisa. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifundisha mwenyewe kwa kusoma. Ndivyo nilivyojifunza mchezo mmoja wa mezani. Mtu mmoja anasimulia safari ya hatari ya kubuni, wenzake kila mmoja anabeba mhusika wake na kusema anachofanya, na kete za kurusha, zenye nukta moja hadi sita, zinaamua kama amefaulu. Niliandika kanuni kwenye daftari, nikachukua kete mbili za ludo, nikatunga kisa cha kumalizika kwa kikao kimoja, saa nane mpaka saa kumi na moja. Kila sehemu niliipangia dakika zake.

Katika kisa changu, wezi wenye vichwa vya fisi wanavamia zizi la mtemi na kuswaga ng'ombe mia. Wachezaji walikuwa wawili, na majina haya si yao. Kulwa ni dereva wa bodaboda. Neema ni mwalimu, jirani yangu.

Kufika saa tisa na nusu meza ilikuwa imejaa damu ya maneno. Kulwa alishamkata fisi mmoja mkono na kumtoboa mwingine koo. Tulicheka tukipiga meza. Kisha nikawaambia fisi wamewazingira, hamna msaada mpaka mpige mwano.

Kwa asiye wa huku: mwano ni ukelele wa kuibiwa ng'ombe. Ukiusikia unaacha sahani, unashika fimbo na kukimbia, huku ukiurudia ili wa mbele nao wasikie. Asiyekimbia anatozwa faini.

"Haya, nimepiga mwano," Kulwa akasema kwa upole.

"Huo ni mwano au unaomba chumvi?" nikamtania. "Piga kama kweli. Nitakuongezea alama mbili kwenye kete."

Neema akaweka penseli chini. "Kaka, acha. Mwano hauchezewi. Na dirisha liko wazi."

"Mwalimu, tuko ndani ya nyumba. Nani atasikia?"

Alama mbili! Kulwa akasimama, akazungushia mdomo viganja, akaupiga. Nywele zilinisimama. Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikamwandikia alama zake.

Haukupita muda nikausikia ukijibiwa upande wa mashamba ya pamba. Kisha mbali zaidi. Kisha miguu ikaanza kupita nje.

"Kaka, watu wanakimbia," Neema akasema. "Toka ukawaambie."

Nikatazama saa. Sehemu ya vita ilikuwa imebakiza dakika kumi na tano. "Wakikuta hakuna kitu watarudi wenyewe. Kulwa, rusha."

Kulwa akarusha. Akapata tisa, na zile mbili kumi na moja. Nilikuwa nikisimulia jinsi fuvu la fisi linavyopasuka pale tulipomsikia mtu wa kweli akilia.

Mtu huyo nimwite Masanja. Ni mkulima wa Mwandoya, na alikuwa akitoka mnadani na maksai wawili aliowanunua asubuhi hiyo. Aliona kundi linamjia, akainua mkono, akasalimu, "Mwadila!" Fimbo ya kwanza iliangukia mkono huo huo.

Tulipofika alikuwa chini, na fimbo zinapanda na kushuka kama watu wanaopura mtama. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjika pasipo na kiungo. Jicho la kushoto lilikuwa limepasuka. Mwanamume mmoja niliyemtengenezea redio wiki ile alikuwa ameinua jiwe kwa mikono miwili.

"Mpekueni kwanza! Tazameni risiti!" nikapiga kelele.

Sikusema, "Mwano ni wangu." Maneno hayo matatu yalikuwa mdomoni mwangu, nikayameza! Wakati wanapapasa mifuko yake, alipigwa teke la mbavu mara mbili zaidi. Risiti ilikuwa kwenye mfuko wa shati, imelowa damu, lakini inasomeka. Fimbo zikashuka moja moja. Yule wa jiwe akaliweka chini taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtoto.

Jioni ile niliwaambia wenzangu, "Tukisema, na sisi tutafanywa hivyo hivyo." Kulwa akakubali. Neema alilia, lakini hakutusema kwa mtu, na tangu siku hiyo hajanisalimu. Kwenye mkutano wa mtaa waliuliza nani alipiga mwano. Mimi, mpenda ukweli, nilisimama nikasema sauti ilitokea upande wa mtoni.

Matibabu nililipa mimi. Masanja, nusu ya uso wake ikiwa ndani ya bendeji, alinishika kwa mkono uliobaki.

"Ndugu yangu, wote walionipiga wamepotea. Wewe tu ndiye unakuja. Nitakulipa, hata iwe kidogo kidogo."

Jamani! Nilikohoa tu.

Unayeongoza mchezo kama huu, ua fisi elfu kama unataka. Lakini sauti ambayo watu huiitika kwa fimbo, usiiingize mezani. Mwenzako akikuambia toka nje, toka. Achana na saa. Na ukishakosea, sema pale pale, jiwe likiwa bado juu. Baadaye maneno hayatoki. Mimi nimejaribu.

Hospitali ilichukua milioni moja, laki nne na elfu sitini. Wiki iliyopita Masanja, ambaye sasa anapalilia kwa mkono mmoja, alinitumia elfu ishirini kwa simu na ujumbe: "Ya kwanza hiyo, ndugu yangu. Usichoke kunisubiri." Sikuzirudisha, maana angeuliza kwa nini. Kwa hiyo hasara yangu mpaka leo, kama ilivyo kwenye daftari, ni shilingi milioni moja, laki nne na elfu arobaini.