Sponji za Hedifoni

Juzi nilikwenda kwa fundi simu pale Chanika, hapa Handeni, kununua hedifoni mpya, maana zangu sponji zimechakaa hadi zinaniachia unga mweusi masikioni. Nilimkuta mama mmoja wa Kimaasai, zake zimechoka kuliko zangu.

"Shikamoo mama. Hizo tupa tu, chukua mpya," fundi alimwambia.

"Marahaba. Kwani sauti imekufa?"

Fundi akazijaribu. "Sauti nzima. Zilizoisha ni sponji, na sponji peke yake siuzi."

"Sasa kwaya ninayosikiliza humu niitupe kwa sababu ya sponji?"

Akaketi kwenye benchi, akatoa mkobani kipande cha ngozi ya mbuzi, laini kama kitambaa, na sindano yake ya shanga. Akajaza pamba, akashona maduara mawili, pembeni akazungushia shanga nyekundu. Akayavisha hedifoni, akazivaa, akafumba macho, kichwa kikaanza kucheza taratibu.

Nimewahi kulalamika hapa kwamba Handeni tunasubiri kila kitu kitoke Dar. Nafuta kauli.

Fundi, muuza hedifoni mpya, akainama chini ya meza, akaibuka na za kwake zilizochanika. "Mama, na hizi je?"

"Panga foleni," nikamwambia. Zangu zilishatoka begini zamani.