Nusu ya Pampu

Syokau Muli alifundisha hesabu karibu na Tawa kwa miaka ishirini na mitatu, na hakuna mwanafunzi aliyethubutu kumwandikia "nusu" bila kueleza nusu ya nini. Aliyejaribu alikiona cha mtema kuni.

Hasira hiyo ilianza mwaka wa 1979. Shirika moja la maji lilileta mpango wa masoko matatu, Ngoleni, Ivuini na Kyamuata, ambapo kila soko lina barabara ya kwenda kwa mengine mawili. Kila barabara ilitakiwa iwe na pampu angalau kwenye ncha moja. Mashine ya hesabu ya Nairobi ikatoa jibu la gharama ndogo kabisa: nusu pampu kila soko. Upuuzi mtupu! Lakini wanawake wa mwethya, wanaolima leo kwa huyu na kesho kwa yule, hawakushtuka. Kwao nusu ni zamu. Wakatia vidole kwenye karatasi ya mpango, wakachimba visima vitatu kwa mikono yao, wakidhani pampu zitahamishwa kwa zamu.

Ofisa Kivuva wa shirika lile akaja na pampu moja tu, akaifunga Ngoleni. Barabara kati ya Ivuini na Kyamuata, alikoishi Ndila, mama yake Syokau, ikabaki bila tone.

Barazani Syokau alisimama.

"Bwana Kivuva, pampu ingine iko wapi?"

"Mwalimu, hesabu ilitoa moja na nusu. Pampu haikatwi na panga. Tukaweka moja, ni hivyo tu."

"Hivyo tu? Mama yangu anabeba maji na mgongo maili saba, na wewe unaniambia hivyo tu?"

Akatoa chaki, akachora kwenye mlango wa duka. Masharti yale ya barabara tatu yakichorwa hutoa umbo lenye kona, na mashine hutafuta jibu konani. Kona moja ya umbo lile ilikaa kwenye nusu tupu. Akaongeza sharti la nne: masoko yote matatu kwa jumla yasipate chini ya pampu mbili, maana pampu nzima moja haifikii barabara zote. Kona ya nusu ikakatika, na kila kona iliyobaki ikawa na namba nzima. Kivuva alinakili bila kuinua macho.

Pampu ya pili ilifika Ivuini baada ya miezi minane. Ndila alikuwa ameshaanguka na mtungi, kiuno kimevunjika.

"Mwanangu," alimwuliza kitandani, "hiyo laini ya nne uliandika dakika ngapi?"

"Tano, mwaitu."

"Na ile karatasi yao, si ni wewe ulitusomea kabla tuweke vidole?"

Ni yeye. Alijumlisha nusu na nusu, kila barabara ikapata moja yake, akaridhika.

"Ni mimi, mwaitu. Niliwaambia hesabu ni safi."