Bi Mwanamize na Kaburi Lililofichwa Njiani

Alizaliwa Mkunazini, Unguja, katika mwezi wa Rajabu wa mwaka 1951, mja mwema Mwanamize binti Ussi, Mungu amrehemu. Baba yake alisomesha Kurani, na bibi yake aliosha maiti wa kike wa mtaa. Kwa bibi huyo alipata adabu iliyomkaa mpaka mwisho: maiti huoshwa kwa mkono laini kana kwamba angali anasikia, na kaburi halikanyagwi, liwe la nani liwalo.

Alifika Birmingham mwaka 1984 kumfuata mumewe, wakakaa Lozells. Katika baridi ya mwaka wa pili alifariki mwanamke wa kwao, na mwoshaji hakupatikana. Bi Mwanamize, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa amemshikia bibi yake birika tu, alikunja mikono ya nguo, akasema Bismillahi, akamwosha. Tangu hapo hakuulizwa tena kama yu tayari. Aligongewa mlango, naye akatoka.

Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa Fiona, Mwingereza mgonjwa wa mapafu. Siku moja Fiona alimhadithia lililokuwa likimtafuna. Zamani wazee wa ukoo wake waliuhama mji huu, wakavuka bahari, wakajiunga na misafara ya magari ya maksai iliyoelekea magharibi ya Amerika kutafuta ardhi. Njiani mtoto wao, Brigid, alikufa kwa homa. Wakamzika katikati ya njia yenyewe, kisha wakapitisha magari yote juu yake, ili mbwa mwitu wasinuse udongo mpya wakamfukua. Kwa huruma hiyohiyo wakampoteza, maana alama ilifutika, ukoo ukabaki na jina la mteremko alikozikwa tu.

"Sitaki kufa kabla sijasimama karibu naye," alisema Fiona. "Na sina wa kwenda naye."

Kiangazi cha mwaka 2018 uliandaliwa huko Amerika msafara wa kumbukumbu katika njia ileile, kwa magari ya turubai na maksai kama ya kale. Zeinab, binti wa kaka yake Bi Mwanamize, aliposikia shangazi yake anakwenda na Fiona, alicheka mpaka machozi. "Shangazi, basi la mjini tu linakutapisha, leo utapanda gari la ng'ombe!"

"Nani kasema napanda? Wenyewe walitembea, gari likabeba mizigo. Miguu ninayo."

Msikitini wengine walinong'ona kuwa anafuata makaburi ya wasio wetu. Aliwajibu mara moja tu: "Mtoto mchanga kalamu haijamwandikia kosa. Nyinyi mna nini naye?"

Basi alitembea kando ya gari alimopanda Fiona, vumbi likimfanya mweupe nyusi, na palipokuwa na uhaba wa maji alitayamamu kwa udongo badala ya kutawadha, ili maji wanywe wanyama. Walipofika juu ya mteremko, Mark, kiongozi wa msafara, aliwaonyesha njia iliyochimbwa na magurudumu ya vizazi. Fiona akauliza mtoto yuko wapi.

"Mama, hakuna ajuaye. Chagua mahali, omba, tushuke."

Bi Mwanamize alivua viatu, akasimama mbele ya maksai, mikono mitupu.

"Bibi, ondoka! Hawa si mbuzi wa kwenu!"

"Usipite juu yake."

"Juu ya nani? Mbona hata wewe hujui alipo!"

"Kwa kuwa hatujui alipo," alisema, "njia yote ni kaburi lake."

Mark alimtazama, kisha akaitazama njia ambayo mwenyewe alikuwa ameipita mara nyingi mno. Akavua kofia. Akaishika nira, akawageuza maksai nyasini, penye mawe na hatari ya kupinduka. Gari la pili likafuata, na la tatu, mpaka msafara mzima ukawa unashuka kando, na njia iliyokanyagwa tangu siku ya maziko ikabaki tupu. Waliokuwepo husimulia kuwa hakuna ng'ombe aliyelia wala gurudumu lililoteleza, na upepo ulitulia kama mtu aliyezuia pumzi. Mungu ndiye mjuzi. Fiona aliteremshwa, akaketi ukingoni, akamwita mtoto kwa jina lake, kwa sauti, kama aitwavyo mtoto aliye hai.

Fiona alifariki baridi iliyofuata, ametulia. Bi Mwanamize alifariki Ijumaa moja ya Shaabani, mwaka 2022, na Zeinab ndiye aliyemwosha. Kila kiangazi msafara ule bado hupitia nyasini, na Mark amemwandikia Zeinab kuwa majani yameanza kuota njiani. Anayempenda Bi Mwanamize na amuige kwa hili: asingoje kuonyeshwa alipolala mwenye haki ya kuheshimiwa, ndipo apunguze mwendo.