Tonge Lisilofika Mdomoni

Sogea karibu nikueleze taratibu, maana jambo hili hata sisi tuliokula na dada yangu sinia moja hatukulielewa.

Nyumbani kwetu Mirongo, wanawake na wasichana tulikula ugali mkekani, kwenye sinia moja. Mikono mitano ikiingia pamoja, huwezi kujua nani kala na nani kagusa tu. Ilikuwa miaka ya uhaba na foleni za chakula, na ugali wetu ulikuwa wa ule unga wa njano wa msaada, tuliouita yanga. Dada yangu alianza kujinyima wakati wa Kwaresima. Pasaka ikapita, naye akaendelea.

Nilikaa kushoto kwake, kwa hiyo niliona. Alikata tonge dogo, akaliviringa muda mrefu, akalichovya kwenye mchuzi wa sato, akaligusisha mdomoni. Kisha akalishusha chini ya upindo wa khanga, akalitia mkononi mwangu.

"Kula, mdogo wangu."

Nilikula. Nilikuwa na njaa.

Shangazi alimtania: "Wewe utaolewa na mpima pamba, akuweke kwenye mizani kila jioni."

"Mwache, wifi," mama akasema. "Huyu ana moyo. Anawaachia wadogo zake."

Dada aliinamisha uso, akatabasamu. Tangu siku hiyo akazidi kupunguza. Sifa ile tulimpa sote, na majirani wakaongeza zao.

Siku moja alianguka kwenye foleni ya bomba, ndoo yake ikiwa bado tupu. Kule hospitali, mganga aliuzungushia mkono wa dada vidole viwili, vikakutana na kupitana. Akauliza, "Mama, mtoto huyu anakula?"

"Anakula, baba. Anakula na wenzake, sinia moja."

Mama hakusema uongo. Mimi nilisimama nyuma yake, nikijua, nikanyamaza. Niliogopa kuulizwa matonge yale aliyala nani. Tukapewa dawa ya minyoo, tukarudi. Dada hakuiona Kwaresima iliyofuata.

Huenda hata ningesema, wasingejua la kufanya. Sijui. Lakini wewe umeshasikia. Leo mkikaa kula, usitazame sinia. Fuata mkono wa kila mmoja mpaka mdomoni. Ukiona unaogeuka njiani, mwenye mkono huo usimsifu wala usimtanie. Mpakulie sahani yake, kaa naye anapokula, na kesho mpeleke hospitali ukaseme ulichoona.