Sahani Kumi za Kuazima

Mimi si mtu wa kushangazwa. Niliacha shule darasa la tano, nikabeba mifuko ya saruji, nikauza misumari kwa kilo pale Darajani, na leo nina nyumba tatu na duka la vifaa vya ujenzi ambalo hata wenye shahada zao huja kuniuliza. Nshaona mengi. Lakini ikinipitia harufu ya papa mkavu, hata nikiwa nimekaa na watu wazito, macho hunilegea, nikageuka mtoto wa miaka tisa, nimo Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, katika chumba cha kupanga ambacho kabla yetu kilikuwa ghala ya papa.

Tulihamia humo mama alipotoka eda. Baba alikuwa amefariki kwetu Paje, na mama, Bi Zuhura, hakutaka kubaki akitazamwa na wakwe. Akanishika mkono, akaja mjini kushona kofia. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yetu ilikuwa shangazi yangu, Bi Mwanakombo, dada mkubwa wa baba. Mwezi wa nne wa kukaa kwetu pale alileta salamu: Ijumaa atakuja kutazama mtoto wa ndugu yake analala wapi. "Mwambieni wifi yangu, damu yetu hailali ghalani. Nikikuta ghala, narudi na mtoto." Mama alisikiliza, akakata uzi kwa meno. Mimi nilijua kwamba akisema shangazi, imekwisha. Kwetu hapakuwa na mtu aliyewahi kumbishia.

Siku zilizofuata nazikumbuka kama ndoto ya mchana, ile unayoiota huku ukisikia watu wakizungumza. Mama alirowesha chokaa ndani ya pipa, ikawa inachemka yenyewe bila moto, na mimi nimechutama pembeni naisikiliza inavyonong'ona. Akatia nili kidogo. Mimi nilipaka chini, yeye juu ya meza, na bila ya kujisifu, upande wangu ulinyooka kuliko wake. Ukuta ulipokauka ukatoa weupe wenye ubuluu kwa mbali, kama maziwa yaliyowekwa kivulini. Mama akakata kanga yake moja akaifanya pazia. Kila upepo ukija, chumba kizima kilivuta pumzi. Akafukiza udi, akafunga karafuu ndani ya vitambaa na kuzichomeka kwenye nyufa, mpaka papa akarudi nyuma hatua moja, hatua mbili, akabaki kwenye boriti tu.

Vikabaki vidaka, vile vishubaka vya ukutani ambavyo watu wa zamani walipangia vyombo vyao. Vilikuwa kumi, vyote vitupu. "Kidaka kitupu kama kinywa cha kibogoyo," mama akasema. Akashuka ngazi na kapu, akarudi kapu limemlemea. Sahani kumi: za maua, za jogoo, moja ya ukingo wa dhahabu. Alasiri ile nililala mkekani nikizitazama, jua likipenya pazia la kanga na kuzitia wekundu, nikaona kama bustani imening'inia hewani na mimi naelea chini yake.

Ijumaa shangazi akaja. "Shikamoo, wifi." "Marahaba." Hakuketi. Alinusa, akagusa ukuta, akatazama kidole, kisha akachukua sahani moja kidakani na kuigeuza.

Hapo ndipo mama alipokuwa amesahau. Vyombo vyetu huzunguka, leo harusini, kesho msibani, kwa hiyo kila nyumba hutia alama yake chini ya sahani ili zisipotezane. Hii ilikuwa na nukta mbili za rangi ya kucha. Shangazi akageuza ya pili: mstari wa kijani. Ya tatu: nyota.

"Nguo ya kuazima haisitiri, wifi," akasema taratibu. "Hii ya nani?"

Mama aliinamisha kichwa. Nikamshika nguo kwa nyuma, naye akajibu: "Ya Bi Asha wa chini. Namshikia mtoto akienda sokoni."

"Hii?"

"Ya mke wa fundi saa. Nilimuuguza."

Akageuza zote kumi, na mama akataja nyumba kumi. Shangazi akaketi.

"Una miezi mingapi hapa?"

"Minne."

"Mimi Paje nna miaka hamsini na tano, na jirani yangu haniazimi hata chujio." Akaipangusa ile ya dhahabu kwa ncha ya buibui, akairudisha mahali pake. "Mtoto abaki. Na hizi zirudishe leo leo, kabla huyu hajavunja."

Mwaka jana nyumba ninayokaa ikiezekwa upya, na zile mbili zina wapangaji, nilipanga flati. Nilitia makochi ya ngozi, mapazia mazito, televisheni ya ukuta mzima, taa za kubadilika rangi. Milioni sita na ushei zikaenda. Pakapendeza kama dukani, na kama dukani, sikupata usingizi wa maana. Miezi miwili hapakubisha mtu hodi. Mwisho nikabisha mimi, kwa Bi Rukia, mkunga mstaafu wa mlango wa pili, kumuazima mbuzi ya kukunia nazi.

"Mwanamme mzima, gari mbili nje, huna mbuzi?"

"Sina, Bi."

"Na hiyo mashine inayonguruma kwako kila asubuhi?"

"Ya maji ya matunda tu hiyo."

Alinitazama kama anayejua, akanipa. Sasa hodi zake nazijua, na za wajukuu zake, na za yule wa juu anayekuja kutazama mpira, na usingizi nalala mpaka adhana. Ila kwetu kitu cha watu hakirudi kikavu, kwa hiyo mbuzi niliirudisha na halua: kilo moja, na kikapu chake, na kahawa niliyokunywa nikingoja nifungiwe, jumla shilingi elfu kumi na nne na mia tano.