Fizikia Kwenye Mteremko wa Kashebere

Siku yangu ya kwanza kufundisha fizikia, huko Bihambwe, prefe, yaani mkuu wa shule, alisimama nyuma ya darasa akinitazama. Nilisukuma tshukudu tupu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kwa mkono mmoja, ikakimbia mpaka ukutani. Tukaipakia viazi, nikaisukuma kwa nguvu ileile, ikajivuta kidogo tu. Hiyo ndiyo tungamo, yaani wingi wa kilichomo ndani ya kitu, nikawaambia wanafunzi: ikiwa kubwa, nguvu ileile huleta mchapuko mdogo, maana yake mwendo huongezeka polepole. Baada ya somo prefe alinishauri nisipazoee sana pale. Alisema kweli. Risasi zilifunga shule, nami nikahamishiwa Kashebere.

Nilipanda lori la Papa Bahati, lililobeba maharagwe ya Mama Kavira, mfanyabiashara wa Butembo aliyesafiri nasi. Juu ya mteremko mrefu unaoishia darajani, Papa Bahati, aliyekuwa akiendesha, alisimamisha gari kwa shida; breki zilikuwa zimechoka. Nyuma yetu risasi zilianza tena, mvua nayo inakuja, na kila mtu alitaka tushuke upesi. Nikamwomba dereva apunguze mzigo. Mama Kavira alikataa. Alisema akiyaacha magunia barabarani, hatayaona tena.

"Mama, freni iko na nguvu ileile tu," nikamwambia. "Mzigo ikiwa nusu, itaweza kutuzuia. Ikiwa yote, hatutasimama ku daraja."

Akamgeukia dereva.

"Mwalimu anasema ile mimi niko naogopa," akajibu Papa Bahati.

"Basi mushushe."

Mama Kavira akafunga kitenge kiunoni, akavuta gunia la kwanza mwenyewe.

Abiria tulitembea kwa miguu. Lori likatangulia kwa gia ya kwanza, likapotea kwenye kona. Tukasikia chuma kikisaga, kisha kimya. Tulikimbia. Lilikuwa limesimama, magurudumu ya mbele yakigusa mbao za daraja. Papa Bahati alishindwa kuachia usukani, na Mama Kavira akamfungua vidole kimoja kimoja. Magunia yale hayakupatikana tena. Nilikutana na Mama Kavira mara nyingi sokoni Kashebere, wala hakunilaumu.

Baadaye inspekta wa shule alinituma Buleusa. Huko nilifundisha jinsi dunia inavyouvuta mwezi: mwezi unaanguka kila wakati, ila kwa kuwa unakimbia kwenda pembeni, unaizunguka dunia badala ya kuigonga. Binti mmoja, ambaye familia yake ilikuwa imekimbia vijiji vitatu, alinyanyua mkono.

"Mwalimu, sasa itaanguka mpaka lini?"

Nikamjibu kwamba hakuna cha kuusimamisha. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa habari za kwao.

Sasa nimestaafu, na mwaka huu risasi zimetuhamisha tena. Watu wa hapa wananiambia, Papa, kaa upumzike. Nakaa kidogo, kisha nasimama, natazama barabara. Mpaka leo natafuta jibu jingine ambalo ningempa yule binti.