Nililisha Askari wa Ini la Mwanangu

Ndugu zangu, ini la mwanangu nimeliharibu mimi. Si mchawi, si jirani, si pombe. Mimi mama yake! Na sikumpa sumu. Nilimpa chai.

Ninakaa Kasongo, jina langu mniachie. Shule sikufika mbali, naandika kama ninavyosema.

Mwanangu ana duka sokoni. Alikuwa mnene, tumbo mbele, shingo imejikunja, na nikipita naye najisikia malkia. Watu waone, huyu mama anajua kulea! Kisha akaanza kuchoka, ubavu wa kuume unamuuma. Hospitalini wakampitishia ile mashine ya kuangalia ndani ya tumbo. Daktari akasema ini limejaa mafuta na limeanza kupata makovu.

Nikamrukia. "Dokta, mwanangu ni Mwislamu, pombe hajaonja hata tone!"

"Mama, hii si ya pombe. Ni ya sukari, ya mafuta mengi na kukaa kitako. Akiacha, ini linarudi. Wakati bado iko."

Wakati bado iko! Maneno hayo yananitafuna mpaka leo.

Mkamwana wangu, mke wa huyu mwanangu, binti wa Kabambare, akayashika kama kiapo. Sukari ikatoka nyumbani, mafuta ya mawese akayapima kwa kijiko, mume akaacha pikipiki akawa anakwenda dukani kwa miguu. Mwanangu akakonda. Siku moja sokoni muuza samaki wa Nyangwe akanipigia kelele mbele ya watu: "Mama, mutoto wako amekwisha namna hii, ule mwanamuke anamupikia mawe?" Wakacheka wote. Nilirudi nyumbani bila samaki.

Ndipo mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, akaja likizo. Anasoma chuo kikuu huko mbali, mambo ya ini. Nikamuuliza wanatafuta nini humo ndani.

"Koko, bibi yangu, mu damu muko askari wanatulinda. Ini likijaa mafuta, hawa askari wanageuza kula yao. Wanakula sukari mbio mbio, wanakuwa wakali, wanaanza kuchoma nyumba wanayoilinda. Mimi nasoma chakula chao."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. "Umefika chuo kikuu kusoma chakula cha askari? Ungeniuliza! Wakati wa vita niliwapikia. Askari mukali ni ule hajakula."

"Hapana, koko, sikiliza..."

Sikusikiliza! Nani huku kwetu asiyejua? Askari wakipita na njaa, kuku haibaki, mbuzi haibaki, hata sufuria inakwenda. Wakishiba, wanalala. Nikaona dawa ya mwanangu nimeipata: wale askari wake washibishwe.

Kila asubuhi akitoka msikitini hupitia kwangu, nyumba ya ukuta mmoja na yake, kunisalimia. Nikawa namwekea chai, sukari mpaka kijiko kinasimama, mandazi yanachuruzika mafuta, na sukre, ile soda tamu ya chupa, ya kushushia. Alikataa. "Mama, dokta amekataza." Nikamwambia neno ambalo mama halisemi kwa mchezo: "Ukikataa mkono wangu, umekataa radhi yangu."

Akala. Alikula akitazama chini, mtu mzima mwenye watoto wake! Nikamwonya asimwambie mkewe. Mpunga ukavunwa, ukapandwa, ukavunwa tena, miaka inapita, chai inaendelea.

Tumbo likarudi. Nikapiga vigelegele! Kumbe halikuwa nyama, yalikuwa maji. Macho yakageuka manjano, miguu ikavimba. Daktari akasema ini limekuwa gumu, sasa halirudi.

Mjukuu akaja mbio. Akamgeukia mkamwana mbele ya ukoo: "Ulimulisha nini mujomba? Sukari hatukukataza?" Yule binti akalia, akaapa kwa watoto wake. Mtu mmoja pale akamwita muuaji.

Mwanangu akanitazama. Kisha akainamisha kichwa, akasema, "Mumuache. Ni mimi nilikuwa najiibia."

Na mimi nikanyamaza! Ee Mungu wangu, nikanyamaza!

Walipotoka nikamletea uji. Hata siku ile sikujua mikono yangu niipe kazi gani nyingine. Akaishika, akaniambia polepole, "Mama, nipe radhi nisikule."

Nimempa. Nimempa imechelewa!

Wiki hii nimewaita mkamwana na mjukuu, nimewaambia yote. Mkamwana hakunitukana, heri angenitukana. Alisema tu, "Mama, usimlishe tena kwa mkono wako," akaenda kumgeuza mume wake kitandani.

Na mimi niliyecheka elimu ya mjukuu, sasa kwa vile amerudi chuoni nampigia simu kila mara kama kichaa. "Mumepata? Dawa ya kutuliza wale askari?"

"Koko, bado tunatafuta."

"Tafuteni mbio!"

"Koko... hata tukipata, pengine haitamukuta mujomba."

Mama wenzangu, niangalieni mimi. Unene wa mtoto usiuvae kama kitenge cha sikukuu. Mtoto mzima akisema ameshiba, ameshiba. Radhi si kamba ya kumfungia mtu kwenye sahani! Na mjukuu wako akikwambia sikiliza, funga mdomo, hata kama ulimwogesha wewe mwenyewe kwenye beseni.

Ninapoandika, mwanangu bado anapumua. Namsikia ng'ambo ya ukuta anaomba maji. Niko na maji hapa, yamejaa mtungi. Naogopa kumpelekea.